Likizo ya familia Zanzibar: tusivuke bahari tukaishie bwawani



Kila tunapotoka seminarini na kurudi likizo katika parokia zetu, kuna maswali ambayo waamini hawayapeleki kwa Paroko. Wanatuletea sisi, pengine kwa sababu bado ni vijana na bado tunasoma. Mojawapo ni hili: je, ni sawa familia ya Kikristo itumie fedha kwenda kupumzika Zanzibar, huku kanisa letu halijaezekwa na mtoto wa shangazi amekwama ada? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya sala ya jumuiya, na anayeuliza huwa ana familia fulani kichwani. Ni wale walioonekana kwenye simu za watu wakiwa na miwani ya jua, wameketi kando ya bwawa la kuogelea kule Unguja.

Sisi tunaona swali ni zuri, ila limeulizwa nusu. Nusu iliyobaki ni hii: walipofika kule walifanya nini, na walifanya pamoja na nani? Nauli ya boti na bei ya chumba havitoshi kutuambia kama likizo ilikuwa njema au mbaya. Familia inaweza kutumia fedha kidogo ikarudi imegombana, na nyingine ikatumia zaidi ikarudi watoto wanamjua baba yao kuliko walivyomjua walipoondoka. Katika makala hii tunataka kutetea mapumziko ya familia, kisha tuseme wazi ni mambo gani tunadhani yafaa kufanywa kisiwani na yapi yanaimeza likizo bila kuacha kitu.

Upinde usiolegezwa

Tuanze na dhana kwamba kupumzika ni uvivu uliovaa nguo nzuri. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anasimulia habari aliyoipokea kutoka kwa mababa wa zamani. Watu walimkuta Mtakatifu Yohane Mwinjili akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale. Alipokwisha kurusha mara kadhaa, Yohane akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndipo Yohane akamweleza kuwa roho ya mwanadamu nayo huvunjika isipolegezwa kamwe.

Thoma hakuisimulia habari hii ili kuwachekesha wanafunzi wake. Alikuwa akifundisha kwamba kucheza na kupumzika kwa kiasi ni fadhila, na kwamba asiyejua kabisa kufurahi na wenzake ana kasoro. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unadai kwamba wafanyakazi wapate muda wa kutosha wa kupumzika, ili waweze kuishi maisha yao ya kifamilia, ya kiutamaduni, ya kijamii na ya kidini. Tuangalie mpangilio huo. Mapumziko yanaombwa kwa ajili ya kitu fulani, na familia imetajwa ya kwanza.

Kwa sisi tunaosoma falsafa, jambo hili lina mizizi mirefu zaidi. Aristotle alifundisha kwamba watu wanahangaika na kazi ili wapate faragha, kama vile wanavyopigana vita ili wapate amani. Mwaka 1948 mwanafalsafa Mkatoliki wa Ujerumani, Josef Pieper, alitukumbusha kwamba faragha ya kweli haipatikani kwa kusimamisha mashine ipoe tu, ili kesho irudi kazini. Ni hali ya mtu kutulia, akatazama, akapokea asichokitengeneza mwenyewe. Anayekwenda likizo ili apate nguvu za kufanya kazi zaidi bado yuko kazini.

Basi kwa familia ya mwalimu na muuguzi wa Morogoro, wenye watoto watatu, ambao mwaka mzima wameonana usiku tu kwa sababu ya zamu za hospitali na kusahihisha madaftari, siku nne kisiwani si anasa ya kuonewa haya. Pengine ndizo siku nne pekee za mwaka ambazo watu watano wanaokaa nyumba moja watakula mchana wakiwa wote mezani.

Hoteli inayotawanya

Hapa ndipo tunapotofautiana na matangazo. Hoteli kubwa ya ufukweni imepangwa vizuri sana, na imepangwa kwa kutawanya. Watoto wana sehemu yao yenye mlezi na michezo. Mama anaelekezwa kwenye masaji. Baba anakuta baa iko hatua chache kutoka majini, na televisheni yenye mpira. Kijana wa kidato cha tatu anauliza neno la siri la intaneti kabla hajauliza bahari iko upande gani. Kila mmoja anahudumiwa vizuri, kila mmoja anafurahi, na jioni wanakutana kama wasafiri waliopanda basi moja. Na kwa kuwa wamelipia kifurushi chenye chakula na vinywaji vyote, wanaona ni hasara kutoka nje ya geti.

Hatusemi vitu hivyo ni vibaya. Mama aliyebeba wagonjwa mwaka mzima akikandwa mgongo kwa saa moja, Mungu ambariki anayemkanda. Tunachosema ni kwamba bwawa la kuogelea lipo hata Morogoro. Mtu aliyepanda boti kutoka Dar es Salaam akakaa baharini takriban saa mbili, huku mtoto wa mwisho akitapika kwenye mfuko, kisha akashinda siku nne kando ya maji yenye dawa ilhali Bahari ya Hindi iko hatua hamsini, huyo amevuka bahari ili asiione.

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo kimoja cha kuchagua la kufanya: je, jambo hili litatufanya tuonane sisi kwa sisi, na tuwaone wenyeji wa kisiwa hiki? Likitimiza yote mawili, liingie kwenye ratiba. Likitimiza moja, lijadiliwe. Lisipotimiza hata moja, lisubiri.

Maji kwanza, ratiba baadaye

Siku ya kwanza, kabla ya kupanga lolote, familia nzima iende kumwuliza mvuvi au mhudumu: leo maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi? Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, maji yakipwa hurudi mbali sana hadi mgeni akadhani bahari imehama. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa sita, na kila siku saa husogea mbele karibu dakika hamsini. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Kule kaskazini, Nungwi na Kendwa, tofauti haiwasumbui sana waogeleaji. Familia isiyojua hili hulalamika kwamba imeuziwa bahari isiyo na maji. Familia inayojua hupata vitu viwili kwa siku moja: kuogelea maji yakijaa, na kutembea juu ya sakafu ya bahari yakipwa.

Kutembea huko ndiko tunakokuweka mbele ya mengine yote. Hakuna kiingilio. Kunahitaji viatu vya kuingia navyo majini, kofia, na mwenyeji mmoja wa kuongoza ili watoto wasikanyage viumbe wenye miba wala kuvunja matumbawe hai. Mtoto ataona kaa, ataona kiti cha pweza chenye rangi nyekundu ambacho hapaswi kukitoa majini kwa ajili ya picha, ataona kina mama wakichokoa pweza kwenye mashimo ya mawe. Mwalimu wetu wa Morogoro hatakuwa na jibu kwa kila swali la mwanawe, na hilo ni jema. Mara nyingine mtoto hufurahi kumwona baba naye anashangaa.

Huko huko, kwenye maji ya kifundo cha mguu, watakutana na mashamba ya mwani: vigingi vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa vichipukizi. Kilimo hiki kilianza kama biashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Wanainama juani saa nyingi, wanafuata ratiba ya maji na si ya saa ya ukutani, na katika miaka ya karibuni joto la bahari limewaharibia zao katika maeneo ya kina kifupi. Baadhi yao sasa wanatengeneza sabuni za mwani na kuziuza. Familia ikisimama, ikasalimia, ikauliza, na ikanunua sabuni mbili za kuwapelekea majirani, itakuwa imefanya jambo kubwa kuliko inavyodhani. Watoto watakuwa wameona kwamba ufukwe ambao wao wameujia kwa kucheza, mtu mwingine ameujia kwa kutafuta ada ya watoto wake.

Ngalawa, viungo na chakula cha jioni

Siku ya pili, pandeni ngalawa. Boti ya injini ina kasi lakini haina mazungumzo, kwa kelele zake. Ngalawa ni mti uliochongwa, una matengo pande mbili ili usipinduke, na tanga moja. Nahodha atawaeleza watoto habari za kaskazi na kusi, pepo mbili zilizoleta na kurudisha majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, na ambazo bila hizo lugha hii tunayoandikia isingekuwa kama ilivyo. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea, hata baba anayejua kuogelea. Asiyejua kuogelea asione haya kusema.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi, tunaomba watu wafikiri kidogo. Boti zikiwazingira pomboo kutoka kila upande ili watalii warukie majini, wanyama hao hawapumziki wala hawanyonyeshi kwa amani. Mwambieni nahodha akae mbali na asiwafukuze. Akikataa, iacheni safari hiyo. Kizimkazi kuna kingine cha kuona: msikiti wa kale wenye maandishi ya Kiarabu ya mwaka 500 wa Hijria, yaani karibu mwaka 1107 wa Masihi. Msionekane mmeingia kama kwenye duka. Ombeni ruhusa na vaeni kwa heshima.

Msitu wa Jozani nao haufai kukosekana kama kuna watoto. Tangu mwaka 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na humo wanaishi kima punju, wenye mgongo mwekundu, ambao kwa asili hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Hawalishwi wala hawashikwi. Kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na hapo mzazi anaweza kumwonyesha mtoto jinsi mti unavyoishi kwenye maji ya chumvi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele za Mungu. Somo hilo halihitaji mahubiri mtoto akiwa ametazamana na kima kwa umbali wa mita chache.

Jioni moja iwe ya Forodhani, Mji Mkongwe. Jua likizama, meza hupangwa, taa huwashwa, mishikaki na pweza huchomwa, juisi ya miwa husagwa, na urojo hutiwa bakulini ukiwa wa moto. Vijana wa mjini hujirusha baharini kutoka ukutani huku watu wakiwashangilia. Tunashauri kila mmoja apewe kiasi kidogo sawasawa, anunue kitu ambacho hajawahi kula, kisha wote wakae chini kwenye nyasi na kuonjana. Ni mchezo mdogo, lakini una kitu cha ekaristi ndani yake: chakula kinachopita mkono kwa mkono.

Historia isiyofichwa

Siku ya tatu iwe ya Mji Mkongwe mchana, na hapa tunawaomba wazazi wasiogope. Wengi huwapeleka watoto kuona milango iliyonakshiwa na kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, wenye asili ya Aldabra huko Shelisheli, na wanafanya vizuri. Jengo la Changuu lenyewe lina kisa cha kusimulia: lilijengwa mwaka 1893 likikusudiwa kuwa gereza, likaishia kuwa karantini ya wagonjwa. Asubuhi mnaweza pia kupita katika mashamba ya viungo ya Kizimbani au Kidichi, mtoto afumbwe macho, apewe jani la mdalasini, kipande cha kungumanga na karafuu, akisie.

Lakini karafuu hizo zina habari nyingine. Katika karne ya 19 mashamba ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, wengi wao waliotolewa bara, kutoka katika ardhi za mababu zetu wenyewe. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza. Mahali hapo ndugu zetu Waanglikana walijenga kanisa kuu, na altare yake inaoneshwa kuwa ipo pale uliposimama mti wa kuchapia watu. Nje kuna sanamu za watumwa wakiwa shimoni na minyororo shingoni. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusimama pale akiwa amemshika mkono mama yake, akauliza kwa nini. Mzazi asikimbilie jibu jepesi. Asimwambie kwamba dini fulani au rangi fulani ndiyo iliyofanya. Amwambie kwamba waliouza walikuwa watu, walionunua walikuwa watu, na waliouzwa walikuwa watu, na kwamba kila kizazi lazima kichunge asiwepo mtu anayegeuzwa bidhaa.

Kutoka hapo si mbali kufika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu wa mjini huliita Minara Miwili, lililojengwa na wamisionari Wafaransa katika muongo wa mwisho wa karne hiyo ya 19. Waamini wengi wa bara hawajui kwamba imani yetu ilipita hapa. Wamisionari walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860, na ni mwaka 1868 ndipo waliposimika misioni Bagamoyo, ambako miongoni mwa Wakristo wa kwanza walikuwemo watoto waliokombolewa utumwani. Ikiwa siku ya Dominika itawakuta kisiwani, ulizeni ratiba ya Misa kabla ya kupanga lolote jingine. Kutoka fukwe za kaskazini au mashariki hadi mjini ni mwendo wa saa moja au zaidi kwa gari. Kwa familia iliyovuka bahari kwa ajili ya kuogelea, saa moja kwa ajili ya Misa si mbali.

Nani hajapumzika?

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote. Jioni ya siku ya tatu, baba au mama ajiulize: katika msafara huu, nani hajapumzika?

Mara nyingi jibu la kwanza ni mama mwenyewe, hasa familia ikiwa imepanga nyumba ili kuokoa gharama. Anaamka wa kwanza kupika chai, anafua nguo zenye mchanga, anapaka watoto mafuta, anahesabu taulo. Amehamisha jiko lake kutoka Morogoro hadi Jambiani. Katika likizo ya Kikristo, baba na vijana wa kiume wapike angalau mara moja kwa siku, hata kama wali utaungua. Wali ulioungua pamoja huchekwa miaka kumi.

Jibu la pili ni dada wa kazi. Familia nyingi zinamchukua ili awaangalie watoto, na zinajisifu kwamba zimempeleka Zanzibar. Lakini je, ameingia majini? Ana nguo ya kuogelea? Amekaa Forodhani mezani au amesimama na mtoto mgongoni? Kama amerudi hajalowa, basi hakupelekwa likizo. Alihamishiwa kituo cha kazi. Apewe siku yake nzima, na hela yake mkononi, na mama amshike mtoto wake mwenyewe.

Jibu la tatu ni bibi, aliyebaki kijijini kwa sababu "atachoka na safari". Pengine ni kweli atachoka. Lakini aulizwe. Kuna wazee wengi wa bara ambao hawajawahi kuiona bahari, na wajukuu wao wanaijua kwenye simu. Kiti kimoja chini ya mvinje, mguu wa bibi kwenye maji ya chumvi kwa mara ya kwanza: picha ya namna hiyo haihitaji miwani ya jua.

Jibu la nne ni wahudumu wa hoteli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofundisha juu ya Dominika, inawataka Wakristo wenye nafasi ya kupumzika wawakumbuke ndugu zao wenye haja ile ile na haki ile ile, ambao hawawezi kupumzika kwa sababu ya umaskini. Katika hoteli za Zanzibar vijana wengi wametoka bara, na wamo Wakatoliki. Wanatandika vitanda Dominika asubuhi wakati sisi tunatafuta njia ya kwenda Misa. Hatuwezi kubadili zamu zao, lakini tunaweza kuwajua kwa majina, kusema tafadhali na asante mbele ya watoto wetu, kuacha bakshishi mkononi mwa mwenye jasho, na kutoita kwa kupiga vidole. Na kama kuna kijana ana nafasi asubuhi hiyo, na kwenye gari kuna kiti kitupu, tunajua la kufanya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, kufika kwa mgeni kuwe na faida kwa nyumba nzima. Fedha ikiishia ndani ya geti la hoteli, kijiji kilicho nyuma ya ukuta kinabaki na kelele za muziki tu. Kula mara moja kwa mama ntilie wa kijijini, kununua madafu kwa aliyeyaangua, kukodi ngalawa kwa mwenye ngalawa bila kupitia madalali watatu, huko ndiko kupona kwa mwenyeji.

Na wenyeji wetu wengi ni Waislamu. Nguo ya kuogelea ibaki ufukweni. Ukiingia kijijini, mabega na magoti yafunikwe, kanga ipo kwa kazi hiyo. Mkiwa huko mwezi wa Ramadhani, msile wala kunywa njiani mchana. Watoto wafundishwe kutoa shikamoo kwa wazee kama wanavyofanya nyumbani. Mtaguso, katika Nostra Aetate, ulitutaka tuwatazame Waislamu kwa heshima. Njia rahisi ya kulitii Kanisa katika hilo ni kuanza na salamu nzuri mlangoni kwa mtu.

Kibubu, si mkopo

Turudi kwa yule aliyeuliza kuhusu kanisa lisiloezekwa. Tunamjibu hivi. Familia iliyotoa zaka yake na mchango wake wa ujenzi, ikasaidia ada ya ndugu kadiri ya uwezo wake, na ikadunduliza kwenye kibubu mwaka mzima, ina haki ya kwenda, na sisi wengine tuifurahie badala ya kuisengenya. Lakini familia iliyochukua mkopo wa VICOBA ili ipige picha kando ya bwawa haikwenda kupumzika. Imebeba deni hadi ufukweni, na itarudi nalo.

Kibubu kina faida nyingine: kinawashirikisha watoto. Anayeweka mia mbili yake ya soda kila wiki anajifunza kusubiri, na anayejifunza kusubiri anajua kushukuru. Ulizeni pia bei ya Watanzania, kwa kuwa hoteli nyingi zina bei tofauti kwa wakazi na kwa wageni wa nje, na nyumba ndogo za wageni za Jambiani na Nungwi ziko karibu na bahari ile ile. Asiyeweza Zanzibar asijione amenyimwa. Wa Mwanza ana kisiwa cha Saanane mbele ya macho yake, wa Mbeya na Kyela ana fukwe za Matema kwenye Ziwa Nyasa, wa Dar es Salaam ana Bagamoyo, mahali imani iliposhuka. Kipimo tulichokitaja kinafanya kazi kokote: tuonane sisi kwa sisi, na tuwaone wenyeji.

Siku ya nne, ya kurudi, tunapendekeza isiwe na ratiba. Asubuhi maji yakiwa yanajaa, simu zote ziwekwe kwenye mfuko mmoja na mfuko ukabidhiwe mtoto mdogo kuliko wote. Mcheze bao, mjenge nyumba ya mchanga itakayobomolewa na mawimbi, msali fumbo moja la Rozari mkiwa mmekaa majini. Kila mmoja aseme jambo moja alilolijua juu ya mwingine ambalo hakulijua kabla ya safari. Kama muuguzi wa Morogoro atasikia kutoka kwa binti yake jambo ambalo zamu za usiku zilikuwa zimelizuia lisisemwe, nauli yote imelipwa.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tutarudi tu kwenye zamu, madaftari na michango ya ujenzi. Tumwombe Mungu aliyepumzika siku ya saba atufundishe kurudi tukiwa tumelegea kama upinde uliopumzishwa, tayari kwa kazi yake.